Mkia wa Kitenzi na Ukubwa wa Kitufe

Mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia ya habari umeelemea sana upande mmoja, nao ni ule wa istilahi. Wataalamu wamezozana kwa miaka mingi iwapo mashine iitwe kompyuta au tarakilishi, iwapo simu ya mkononi ni rununu au simutamba, na iwapo neno la siri ni nywila au nenosiri. Mizozo hiyo ina faida zake. Hata hivyo, msafiri anayelipia tiketi kwa simu katika kituo cha mabasi cha Voi huenda asitatizwe na istilahi hata kidogo. Yamkini neno limetafsiriwa vyema kabisa, ila halikuenea ndani ya kitufe, likakatwa mwisho.

Chanzo cha hali hii si siri. Programu nyingi husanifiwa kwanza kwa Kiingereza, kisha lugha nyingine huletwa kukaa katika nyumba ambayo tayari imejengwa. "Save" ina herufi nne, "Hifadhi" ina saba. "Next" ina herufi nne pia, ilhali "Inayofuata" ina kumi. Mwongozo wa kampuni ya IBM, ambao shirika la viwango vya wavuti la W3C limeunukuu, unaonya kwamba matini ya Kiingereza isiyozidi herufi kumi ikitafsiriwa inaweza kuhitaji nafasi mara mbili hadi tatu. Vitufe vingi vimo katika kundi hilo hilo la matini fupi.

Wahandisi wa programu wanalifahamu tatizo hili, nao wamelitengenezea dawa. Zamani mtu aliketi mbele ya kiwambo akifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine na kuukagua kwa macho. Siku hizi kazi hiyo hupewa programu nyingine. Selenium, iliyoanzishwa mwaka 2004 katika kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago, hukifungua kivinjari yenyewe, ikabofya vitufe na kujaza fomu kama afanyavyo binadamu. Juu ya msingi wa aina hii pamejengwa zana za kupima mpangilio: je, kitufe kimo ndani ya kiwambo? Je, maandishi yamevuka mpaka wa kisanduku chake? Je, visanduku viwili vimepandana? Zana nyingine hupiga picha ya ukurasa na kuilinganisha, nukta kwa nukta, na picha iliyoidhinishwa awali. Kipimo kikishaandikwa, chaweza kurudiwa kila usiku, kwa upana wa kila aina ya simu, bila mtu kukesha.

Ipo pia mbinu ya lugha bandia. Kabla mfasiri hajaitwa, maneno ya Kiingereza hurefushwa kwa herufi za ziada na kuvishwa alama za ajabu, ili ionekane ni wapi kiolesura kitapasuka. Android imeiweka lugha ya namna hiyo ndani yake kwa ajili ya wasanidi. Ni hila nzuri. Lakini hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kusimama na kuuliza swali, kwa kuwa kipimo hicho kinachukulia kwamba kukatwa ni kukatwa tu, na kwamba lugha zote huumia kwa kadiri moja.

Sivyo. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo na ukanushi mbele, kisha hubeba mnyambuliko nyuma. Anayetenda na anayetendwa hutofautishwa mkiani. "Umelipa" na "Umelipwa" zinafanana hadi herufi ya sita. Kiwambo chembamba kikiandika "Umelip" na nukta tatu, muuza nyanya hajui kama fedha zimetoka au zimeingia. "Umetuma" na "Umetumiwa" zina ugonjwa huo huo. Katika Kiingereza, dalili ya kutendwa hutangulia kitenzi kikuu, hivyo mkato wa mwishoni hauigusi.

Mnyambuliko wa kutendua ni hatari zaidi. Kata "Funga" na "Fungua" baada ya herufi ya nne, na kinachobaki ni "Fung" kwa zote mbili, ingawa maana zake ni kinyume. Tena si kila mkato huacha nukta tatu za kumwonya msomaji. Wakati mwingine maandishi hufichwa tu ukingoni mwa kitufe. "Rudisha", linalomaanisha kurejesha fedha, likifichwa herufi tatu za mwisho huwa "Rudi", neno kamili, sahihi, lisilotiliwa shaka na yeyote. Aliyetaka fedha zake zirejeshwe ataamini kitufe hicho chamrudisha tu katika ukurasa uliopita.

Kipimo cha kiotomatiki kitasemaje mbele ya kasoro hiyo? Kitasema mambo ni shwari. Msanifu mwenyewe ndiye aliyeagiza kwamba maandishi yakizidi yafupishwe. Hayakuvuka mpaka, hayakupanda juu ya kisanduku kingine, na picha ni safi. Kanuni iliyotimizwa haiwezi kuripotiwa kuwa kosa. Fimbo ya mbali haiui nyoka: mhandisi ambaye hajawahi kunyambua kitenzi hawezi kulaumiwa kwa kutojua kwamba mkia wa neno ndio wenye habari. Wenye maarifa hayo ni wanaisimu, ambao nao kwa kawaida hawaulizwi, na ambao, ukweli usemwe, hawajabisha hodi.

Voi ni mahali pafaapo kulifikiria jambo hili. Hapa barabara ya Mombasa na Nairobi hukutana na ile ya kwenda Mwatate na Taveta, na abiria wa reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 hushuka hapa. Mchimba vito wa Kasigau, kibarua wa mkonge wa Mwatate, mkulima wa ndizi wa Taveta na mfanyabiashara avukaye mpaka kwenda Holili, kila mmoja ana Kidawida, Kitaveta, Kikamba au lugha nyingine nyumbani, na Kiswahili sokoni. Simu zao aghalabu si zile ambazo wasanifu hujaribia kazi zao. Wazee nao hukuza maandishi ili wayaone. Tangu toleo la 14 la Android, lililotoka mwaka 2023, herufi zaweza kukuzwa hadi asilimia 200. Neno refu, kiwambo kidogo na herufi kubwa vikikutana, mkato hauepukiki isipokuwa mtu awe amejiandaa.

Hata wenye kabambe hawajanusurika, ijapokuwa simu hizo hazina vitufe vya kuchorwa. Ujumbe mmoja wa USSD hauzidi herufi 182, na menyu ya Kiswahili huzimaliza upesi. Kuna hata kisa cha ritifaa. Neno "ng'ombe" likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka hupita salama katika ujumbe mfupi wenye herufi 160. Likiandikwa kwa ritifaa iliyopinda, ambayo haimo katika orodha ya msingi ya herufi za simu, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na kikomo hushuka hadi 70. Alama ndogo kiasi hicho ingetosha kuukata ujumbe wa mnada vipande viwili au vitatu.

Wapo watakaodai kwamba Wakenya wengi huziacha simu zao katika Kiingereza, kwa hiyo bidii hii ni ya bure. Hoja hiyo inazunguka. Kiolesura cha Kiswahili kikiwa na maneno yaliyokatika, mtumiaji hurejea katika Kiingereza. Akisharejea, takwimu zake hutumiwa kuthibitisha kwamba hakukihitaji Kiswahili. Isitoshe, Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, wala haikuweka sharti kwamba maneno yawe mafupi.

Kinachotakiwa si mradi mkubwa kama Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Ni kanuni chache zinazoweza kuandikwa ndani ya kipimo chenyewe. Kitenzi kilicho katika kitufe kisikatwe kamwe. Kisipoenea, kitufe kirefuke au maandishi yashuke mstari wa pili. Neno likigawanywa, ligawanywe kwa silabi, na "ng'" isitenganishwe. Jozi kama "Funga" na "Fungua" zijaribiwe pamoja, na kipimo kianguke endapo sehemu zinazoonekana zitafanana.

Chuo Kikuu cha Taita Taveta hufundisha masomo ya tarakilishi. Wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vya pwani wangeweza kuwapelekea wenzao wa huko orodha ya vitenzi hamsini vya vitufe, kila kimoja na minyambuliko yake yote, pamoja na simu moja ya bei nafuu iliyokuzwa herufi hadi mwisho. Orodha ianze na "lipa".