Gombaneni na Chuo, Wanafunzi Waacheni

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nasema mapema ndio mtu asiniambie baadaye, "Wewe masomo yalikushinda, mambo ya Harvard yanakuhusu nini?" Karo ilikosekana nyumbani, nikafungasha virago, nikashika simu nikaanza kutengeneza video. Iliuma. Lakini angalau sababu niliijua: pesa haikuwa. Ingepatikana, ningerudi.

Sasa hebu fikiria karo imelipwa, alama unazo, chumba umeshakizoea, halafu serikali inaandika barua kwamba chuo chako hakiruhusiwi tena kuwa na watu kama wewe. Hamia kwingine ama upoteze haki ya kukaa nchini. Hujafeli, hujaiba. Kosa lako ni pasipoti.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 22 Mei 2025. Kristi Noem, wakati huo akiwa waziri wa usalama wa ndani wa Marekani, aliifutia Harvard kibali cha kusajili wanafunzi wa kigeni. Walikuwa karibu 6,800, zaidi ya robo ya wanafunzi wote. Serikali ya Trump ilidai chuo kimekataa kutoa rekodi za wanafunzi hao na kimeacha chuki dhidi ya Wayahudi imee. Chuo kikasema kinaadhibiwa kwa sababu kimekataa kuendeshwa na serikali. Kesho yake kikaenda kortini, na siku hiyo hiyo jaji Allison Burroughs akaisimamisha amri. Tarehe 4 Juni Trump akajaribu mlango mwingine: wanafunzi wapya wa kigeni wanaoenda Harvard wasiingie nchini. Siku moja tu, jaji yule yule akauzuia pia.

Kuna wasee wataniambia, "Si korti iliamua? Kelele za nini?" Kelele ni hizi: Harvard ina mawakili na mabilioni ya dola. Ikichapwa asubuhi, jioni iko mbele ya jaji. Mwanafunzi ana nini? Ana sanduku moja na mzazi anayepiga simu usiku kuuliza kama atarudishwa.

Wengine watasema nchi ni yao, wana haki ya kuamua nani aingie. Kweli kabisa, hata sisi tuna mipaka yetu. Mwanafunzi akivunja sheria, mshtaki yeye kwa jina lake. Chuo kikikosea, kishtaki chuo. Lakini kuwachukua watu 6,800 na kuwafanya fimbo ya kumchapa mwalimu wao mkuu, hiyo si sheria ya mipaka. Hiyo ni kuteka watu ndio mwenye nyumba akubali masharti.

Na sisi Wakenya tusijifanye haituhusu. Mwaka 1959 Tom Mboya alianza kupeleka vijana wetu kusoma Marekani kwa ndege, na huku nyumbani watu walichanga nauli. Mwaka uliofuata, Wangari Maathai alienda kusoma Kansas kupitia mpango huo. Alirudi na elimu ya biolojia, akatupandia miti, akatupigania Uhuru Park, na mwaka 2004 akaleta Nobel. Sasa weka barua kama ile ya Mei katikati ya masomo yake, eti kwa sababu serikali imekosana na mkuu wa chuo. Nani angekuwa amepoteza? Si Kansas peke yake.

Mimi jambo hili lilinifikia kwa simu. Nina rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari, kichwa kweli kweli. Alipata nafasi katika chuo kidogo huko Marekani, mbali sana na Harvard. Tarehe 27 Mei 2025, balozi za Marekani duniani kote ziliagizwa kusimamisha miadi mipya ya viza za wanafunzi. Zilipoagizwa kuendelea mnamo Juni, sharti jipya lilikuwa kwamba anayeomba afungue akaunti zake za mitandaoni zote zikaguliwe.

Akanipigia. "Manze, ile video yetu ya Juni, unaweza kuitoa?"

Ni video ya maandamano ya mswada wa fedha, Juni 2024. Jamaa ameshika bendera, anaongea kuhusu bei ya mkate. Marekani haijatajwa hata mara moja. Nikamwambia hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Najua. Lakini siwezi kujaribu bahati."

Niliifuta. Mimi, ambaye kila wiki nawaambia msinyamaze, nilifuta video bila afisa yeyote kuniambia. Hapo ndipo nilielewa jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi. Amri inaandikwa Washington dhidi ya chuo kikubwa, korti inaizuia, lakini woga wake unaendelea na safari hadi kwa kijana wa Nairobi ambaye Harvard hajawahi hata kuiomba nafasi.

Kwa hivyo nasema: gombaneni na vyuo mpaka mchoke, korti zipo. Rafiki yangu muulizeni maswali yote mnayotaka, atajibu. Ila masomo yake msiyaweke rehani kwa ugomvi usio wake.

Na wewe unayesoma hii, sema ukweli: rafiki yako angekuomba, ungefuta?