Kamera ianzie melini, si katika mtumbwi wa Makaloe

BAADHI ya mataifa sasa yanafunga kamera kwenye meli za uvuvi. Kompyuta yenye akili bandia huzipitia picha, hutambua aina ya samaki, hukadiria urefu wake na kumwonyesha mkaguzi ni saa ngapi samaki walirudishwa majini. Sisi tunaunga mkono hatua hiyo, lakini tuna neno kuhusu pa kuanzia.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria mwaka 2019 kwamba tani zipatazo milioni 9 za samaki hutupwa baharini kila mwaka duniani, yaani karibu kilo moja katika kila kilo kumi zinazovuliwa. Karibu nusu hutokana na nyavu zinazokokotwa chini ya bahari, na wengi wa samaki hao hurudishwa majini wakiwa wamekwisha kufa.

Sasa tutazame Makaloe na visiwa jirani vya kaskazini mwa Cabo Delgado. Mvuvi wa huko hana cha kutupa. Samaki mkubwa huuzwa, mdogo huwa kitoweo, na anayebaki hutiwa chumvi akaanikwa kuwa ng'onda. Kinachoharibika huharibikia nchi kavu, kwa kukosa barafu, kwa mvua na kwa chombo kuchelewa. Kamera haiwezi kuliponya hilo.

Isitoshe, pwani hii imetoka katika maafa. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, mji ukatekwa Agosti 2020 na kukombolewa mwaka mmoja baadaye. Wapo waliorejea wakakuta hawana chombo wala nyavu. Mtu wa namna hiyo akivua kwa chandarua atanasa vichanga, na kompyuta itamhesabia kosa. Haitahesabu nyavu alizopoteza.

Wanaostahili kutazamwa kwanza ni wenye meli. Watanzania hawajaisahau Tawariq 1, iliyokamatwa Machi 2009 na shehena iliyokuja kuitwa "samaki wa Magufuli". Shehena ilionekana, lakini kama kuna samaki waliotupwa kabla ya hapo, nani alikuwapo kuwahesabu? Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi imekwisha kuzikataza meli za nyavu za kuzingira kutupa jodari. Katazo lisilo na shahidi humtegemea nahodha mwenyewe kujishitaki.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature Januari 2024, uliotumia setilaiti na akili bandia, ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya meli kubwa za uvuvi duniani hazionekani katika mifumo ya wazi ya kufuatilia vyombo. Huko ndiko kwenye giza. Mtumbwi wa Makaloe kila mtu ufukweni anaujua ni wa nani.

Tahadhari nyingine ni ya fedha. Mwaka 2013 Msumbiji ilitwishwa mkopo wa dola milioni 850 kwa ajili ya kampuni ya jodari ya EMATUM, sehemu ya madeni ya siri yaliyozidi dola bilioni 2. Maboti yalibaki yamefungwa gatini Maputo, na Agosti 2024 aliyekuwa Waziri wa Fedha, Manuel Chang, alitiwa hatiani mjini New York. Mitambo ya bahari ikinunuliwa kwa siri, mwananchi hulipa asichokila.

Kwa hiyo tunashauri serikali za pande zote mbili za Ruvuma zifanye kamera kuwa sharti la leseni kwa meli kubwa, na hesabu ya samaki waliotupwa itangazwe hadharani. Kwa mvuvi mdogo, hesabu ichukuliwe ufukweni kwa ridhaa yake, kupitia kamati za wavuvi wenyewe, na isigeuzwe kuwa chambo cha kumtoza kodi au kumfukuza. Nyavu halali na barafu vitangulie.

Mchuuzi anayengoja mzigo Mtwara naye ana haki yake hapa. Kila samaki anayetupwa akiwa mfu kutoka melini ni samaki ambaye hatafika kwenye tenga lake.