Udhanaishi Haukuanzia Paris

Katika tasnifu nyingi zinazohakiki riwaya za Euphrase Kezilahabi, sura ya msingi wa nadharia hufuata mkondo mmoja. Hutajwa Kierkegaard, akafuatia Nietzsche, kisha msomaji hupelekwa Paris ya miaka ya 1940, ambako Jean-Paul Sartre na Albert Camus hutambulishwa kama wazazi wa udhanaishi. Baada ya aya tatu au nne, mhakiki huifunga sura na kuanza kuwinda upweke, ukengeushi na kifo katika Kichwamaji. Njia hiyo si ya uongo, ila inaruka takriban karne kumi na tano za fikra. Aliyerukwa ni Augustino, askofu wa Hippo, na kurukwa kwake kunaudhuru uhakiki wa Kezilahabi kuliko inavyodhaniwa.

Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo huitwa Souk Ahras nchini Algeria. Alifariki mwaka 430 mjini Hippo, Annaba ya sasa, huku Wavandali wakiwa wameuzingira mji huo. Kabla ya kubatizwa mwaka 387 alikuwa mwalimu wa balagha, na kwa miaka tisa hivi alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Mani. Kitabu chake cha Maungamo, kilichoandikwa karibu na mwaka 400, aghalabu huwekwa kwenye rafu za dini, na wanafunzi wa fasihi hukipita bila kukigusa. Hasara ni yao.

Humo mna kisa kinachojulikana sana. Akiwa na umri wa miaka kumi na sita, Augustino na wenzake waliiba usiku matunda ya mti wa jirani. Hawakuwa na njaa, kwao kulikuwa na matunda bora zaidi, na sehemu kubwa ya waliyoiba waliwatupia nguruwe. Kisa kidogo kama hiki mhubiri wa kawaida angekimaliza kwa sentensi moja ya kuonya vijana. Augustino hawezi kukiacha. Anauliza kwa nini, anajibu, anaona jibu halitoshi, anauliza tena. Marafiki anawataja, lakini hata hao hawamtoshelezi kama sababu. Anachokifikia kinatisha: hakuyataka matunda, alikitaka kitendo chenyewe. Kwingineko katika kitabu hicho anafiwa na rafiki na kujikuta amegeuka fumbo kwa nafsi yake. Katika sehemu ya nane anaeleza jinsi utashi unavyoiamuru nafsi na nafsi hiyo hiyo ikakataa, ilhali mwili ukiamriwa kuinua mkono huinua papo hapo. Msomaji anayeujua udhanaishi hahitaji kuambiwa kwamba yuko katika uwanja anaoufahamu.

Je, ni mfanano wa bahati tu? Historia inakataa. Camus alizaliwa mwaka 1913 huko Mondovi, mji ambao leo ni Dréan, si mbali na Annaba. Mwaka 1936 aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Algiers tasnifu kuhusu metafizikia ya Kikristo na falsafa ya Plato mamboleo, na Augustino ni mmoja wa wanafalsafa wawili waliobeba uzito wa kazi hiyo. Mwingine ni Plotino. Miaka sita baadaye alichapisha riwaya ambayo mhusika wake, Meursault, anamuua mtu ufukoni pasipo sababu inayoeleweka, kisha mahakama inamshonea sababu. Camus hakuwa muumini, na Meursault hatubu. Hata hivyo, swali la kitendo kisicho na sababu lilikuwa limeulizwa katika pwani hiyo hiyo ya Afrika Kaskazini, na Camus alilisoma akiwa mwanafunzi.

Kwa Martin Heidegger ushahidi ni wa wazi zaidi. Mwaka 1921 alifundisha mhula mzima kuhusu Augustino, na katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1927 alikiri katika tanbihi kwamba dhana ya mahangaiko, ambayo ni nguzo ya kitabu hicho, alianza kuiona alipokuwa akijaribu kufasiri fikra za Augustino juu ya binadamu. Mwanafunzi wake, Hannah Arendt, aliandika tasnifu yake ya uzamifu, iliyochapishwa mwaka 1929, kuhusu dhana ya upendo katika maandishi ya askofu huyo.

Sartre naye? Hapa wengi hudhani hoja itakwama, maadamu yeye alimkana Mungu waziwazi. Lakini katika mhadhara wake uliochapishwa mwaka 1946 anatumia mfano wa kisu cha kukatia karatasi: fundi hukiwaza kisu kabla ya kukitengeneza, kwa hiyo kiini cha kisu hutangulia kuwepo kwake. Binadamu, kwa Sartre, hana fundi. Ndiyo maana kuwepo kwake hutangulia kiini chake. Hoja hii haina makali kwa mtu asiyejua fundisho la uumbaji. Sartre anabomoa nyumba ambayo ramani yake ilichorwa na mababa wa Kanisa, na anayebomoa kwa ustadi namna hiyo lazima awe ameisoma ramani. Kuathiriwa na fikra si lazima kuamini.

Kuna wenye shauku ambao, wakilisikia hili, watakimbilia kutangaza kwamba udhanaishi ni falsafa ya Kiafrika na kwamba Kezilahabi hakukopa chochote Ulaya. Pupa hiyo haifai. Augustino aliandika Kilatini na alikuwa raia wa dola ya Kirumi; mahali pa kuzaliwa pekee hapaamui mkondo wa fikra. Linaloporomoka ni lile shutuma jepesi kwamba mwandishi wa Ukerewe alivaa kanzu ya Wafaransa. Kezilahabi alisoma katika Seminari ya Nyegezi kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maungamo, neema, dhamiri na dhambi ya asili ni maneno ambayo kijana wa seminari huishi nayo kila siku, kabla hajafungua ukurasa wowote wa Sartre.

Kichwamaji, riwaya ya mwaka 1974, basi, isomwe upya kwa jicho hilo. Wahakiki wamezoea kuangalia yale ambayo Kazimoto anayasema kuhusu Mungu na maisha. Ni wachache wanaouliza anamsimulia nani. Augustino anamwambia Mungu habari zake tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hata aibu ya matunda yale ina msikilizaji. Kazimoto naye anasimulia kwa nafsi ya kwanza, anajichokonoa, anajishtaki, anatafuta asili ya uovu wake mwenyewe, lakini upande wa pili hakuna anayesikiliza wala wa kumwondolea dhambi. Mbinu ni ya maungamo, ila padri hayupo kwenye kiti chake. Kujiua kwake, ambako tasnifu zetu hukubandika jina la ubwege na kuendelea mbele, kunaanza kueleweka hapo, na hakuna ukurasa wa Sartre unaoweza kukueleza peke yake.