Wazee wa makazi nao watembezwe

Ndugu Mhariri,

Huku Nduguti makazi ya wazee tunayasikia tu. Katika mkoa wetu wa Singida yapo ya Sukamahela, wilayani Manyoni, yanayotunza wazee wasiojiweza na walioathirika na ukoma.

Kila Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990, wageni huyatembelea makazi ya namna hii na sabuni, sukari na unga. Hupigwa picha, magari yakaondoka. Sikatai, sukari inatakiwa. Lakini nani amemwuliza mzee kama angependa kwenda mnadani, akachague ugoro wake mwenyewe, abishane bei, atazame ng'ombe, akutane na mtu wa kwao wazungumze kwa lugha yao?

Wapo wanaoogopa kupanda gari moja na aliyeugua ukoma. Woga huo hauna msingi hata kidogo. Dawa mseto zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 huponya, na aliyemaliza dawa haambukizi. Vidole vilivyopinda ni kovu tu.

Kwa hiyo nawaomba wanaopeleka zawadi watoe pia gari na mafuta ya siku moja, na wazee wenyewe waseme waende wapi, iwe kanisani, msikitini au mpirani. Asiyeweza kutoka apelekewe bao, pamoja na mtu wa kucheza naye.

Msomaji,
Nduguti, Singida.