Mbwa wa Nani Huyu?

Mbwa akitoroka usiku wa fataki za mwaka mpya, asubuhi hukutwa mtaa wa tatu, amechoka, na hakuna anayemjua. Nyumbani anaitwa Simba na watoto wanamlilia. Huko alikofika ni mbwa koko tu, wa kufukuzwa kwa mawe. Pengine hata kuuawa, maana mbwa mgeni hudhaniwa ana kichaa.

Kinachomwokoa ni mkanda wa shingoni wenye namba ya simu. Jina si lazima. Anayetafutwa kwenye simu ni mwenye mbwa, si Simba. Namba ichongwe kwenye kibati, na laini ikibadilishwa kibati nacho kibadilishwe. Hapo ndipo wengi husahau. Mkanda uache nafasi ya vidole viwili. Paka avishwe ule unaofyatuka ukinasa kwenye tawi, asije akajinyonga.

Lakini mkanda hukatika, ndiyo maana wengine huwawekea wanyama wao chipu, ndogo kama punje ya mchele, inayoingizwa kwa sindano chini ya ngozi. Wengi hudhani inaonyesha mnyama alipo. Sivyo. Hutoa namba tu, kwa kawaida ya tarakimu 15, tena kwa kifaa ambacho si kila daktari wa mifugo anacho, na haisaidii kitu kama haikuandikishwa pamoja na simu ya mwenyewe.

Picha ipigwe mapema, doa au kovu lionekane. Tangazo likitolewa, alama moja ifichwe. Atakayepiga kusema amempata na kuomba atumiwe hela kwanza, aulizwe hiyo.