Mcheza Kwao Hutunzwa? Usuli wa Fanani na Funzo Kutoka Chicago

Katika mijadala yetu ya fasihi, swali moja halikosi kuzuka: nani ana haki ya kuiendeleza sanaa iliyoasisiwa na jamii fulani? Wapo wanaoshikilia kuwa shairi la arudhi ni milki ya mzawa wa Lamu, Mombasa au Pemba, na kwamba mwanafunzi wa bara, hata akizimudu vina na mizani, hubaki kuwa mwigaji tu. Makala haya yanapinga msimamo huo. Ili kuutathmini, yafaa tutazame mahali ambapo swali lilo hilo liliulizwa kwa ukali zaidi: katika muziki wa bluzi nchini Marekani, na hasa katika bendi ya Paul Butterfield, iliyoundwa mjini Chicago mnamo 1963.

Muziki wa bluzi ulichipuka kusini mwa Marekani miongoni mwa watu weusi, vizazi vya waliokuwa watumwa. Maelfu yao walipohamia kaskazini kutafuta ajira na kuukimbia ubaguzi, waliubeba muziki wao. Muddy Waters, mathalani, alilelewa katika shamba la Stovall huko Mississippi. Ni huko ambako mtafiti Alan Lomax alimrekodi mwaka 1941 kwa niaba ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwaka 1943 Waters alihamia Chicago, akalishika gita la umeme, na mtindo wa mji ule ukapata mmoja wa waasisi wake.

Sasa tuutazame usuli wa wanabendi wetu. Butterfield mwenyewe alikuwa Mzungu, mwana wa wakili, aliyefunzwa filimbi ya muziki wa kitaaluma kabla ya kukishika kinanda cha mdomo. Elvin Bishop, mpiga gita aliyekulia Oklahoma, alifika Chicago mwaka 1960 kusomea fizikia katika chuo kikuu. Mike Bloomfield alitoka katika familia ya Kiyahudi yenye ukwasi. Mark Naftalin, mpiga kinanda, alikuwa mwana wa meya wa Minneapolis. Kwa upande wa pili walikuwapo Sam Lay, mpiga ngoma mzawa wa Birmingham, Alabama, na Jerome Arnold, mpiga gita la besi. Hawa wawili walikuwa weusi, na walitoka katika bendi ya gwiji Howlin' Wolf. Kwa hakika, wao ndio waliokuwa wamepikwa wakapikika, ijapokuwa bendi ilibeba jina la mwingine.

Mnamo Julai 1965 bendi hii ilialikwa kwenye tamasha la Newport. Aliyewatambulisha kwa hadhira alikuwa Alan Lomax, yule yule aliyemrekodi Waters. Maneno yake yalijaa shaka iwapo vijana hawa wa mjini waliweza kweli kuupiga muziki ule. Albert Grossman, meneja wa wanamuziki, alighadhibika, na wawili hao wakavaana maungoni. Shaka ya Lomax haikuwa ya kipuuzi. Alikwishaona kwa macho yake mashamba yaliyouzaa muziki huo, na alijua machungu yake hayapatikani darasani.

Hata hivyo, Lomax alitazama walikozaliwa, akasahau kuuliza walikosomea. Butterfield na Bishop hawakujifunza kwa kusikiliza santuri pekee. Walikwenda katika vilabu vya South Side, makao ya watu weusi, wakawasikiliza Waters, Howlin' Wolf na Little Walter, na hatimaye wakaruhusiwa kupanda jukwaani. Mwaka 1969 Waters mwenyewe alirekodi albamu na Butterfield, Bloomfield, Lay na mpiga kinanda wake, Otis Spann. Albamu hiyo iliitwa Fathers and Sons, yaani akina baba na wana wao. Mwalimu alipokubali kuketi na wanafunzi wake, sisi ni nani hata tuwafukuze?

Lakini tusiishie hapo, kwani hoja hii ina upande wenye uchungu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Chicago iliukanusha usemi huo. Magwiji waliocheza kwao kwa miaka mingi walilipwa kidogo katika vilabu vyao, ilhali vijana wa Kizungu walifunguliwa milango ya kumbi na makampuni ambayo walimu wao walikuwa wameibisha kwa muda mrefu. Haki ya kujifunza haikuambatana na haki ya malipo. Kosa halikuwa kwamba mgeni alijifunza. Kosa lilikuwa kwamba soko lilimlipa mwanafunzi likamsahau mwalimu.

Turejee nyumbani. Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi ndicho silaha ya wanaarudhi, alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mathias Mnyampala, ambaye jina lake halitengani na ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Je, nao tuwaite waigaji? La hasha! Usuli wa fanani si cheti chake cha kuzaliwa, bali ni orodha ya walimu wake na miaka aliyokaa miguuni pao.

Hata hivyo, orodha hiyo haina budi kuandikwa. Wengi wetu huenda pwani na vinasa sauti, tukawakalisha malenga saa nyingi, kisha tasnifu zikatoka zikimtaja "mhojiwa wa tatu" asiye na jina wala ahsante. Napendekeza, ndugu wanachama, kwamba kila malenga aridhiapo kutajwa, jina lake liandikwe kamili, kazi yake ihesabiwe kuwa yake, naye apokee nakala na ujira wa muda wake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwanafunzi wa bara ana haki kamili ya kuingia chomboni na kushika usukani, mradi asilifute jina la fundi aliyekiunda.