Mulango unagongwa kila usiku: nani anasikia?

Mwezi wa kwanza 2022, Kamati ya Kimataifa ya Musalaba Mwekundu, CICR, ilitangaza kama wadukuzi waliingia ndani ya serveri zake, ni kusema ordinateri kubwa zinazotunza habari na kuzitoa kupitia mutandao. Walifikia habari za watu zaidi ya 515,000, zilizokusanywa na mashirika ya Musalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu ya inchi zisizopungua 60. Watu hao hawakuwa wateja wa banki. Walikuwa watu waliotengana na jamaa zao juu ya vita, uhamiaji ao misiba mingine, watu waliopotea na wale wanaowatafuta, na watu walio katika vifungo.

Hapa mashariki ya Congo, hakuna mutu anayeomba kuelezwa maana ya kazi hiyo. Kila mara watu wanapokimbia Masisi, Rutshuru, Kalehe ao Djugu, kuna mama anayefika kambini na watoto wawili, na kumbe walitoka nyumbani wakiwa wane. Anataja majina, umri, kijiji, fasi walipoachana. Anasema yote kwa sababu anatafuta watoto wake, na anamutumainia yule anayeandika. Jina, kijiji, namba ya telefone na fasi mutu anapolala: wakati wa vita, karatasi kama hiyo ikiangukia mikononi mwa watu wabaya, inaweza kuua.

Ndiyo maana leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo viongozi wetu wengi wanawaachia mafundi: namna wadukuzi wanavyopita kila siku wakijaribu serveri, wakitafuta kasoro zilizokwisha kujulikana, na namna wenye serveri wanavyopashwa kuwasikia na kuwajibu. Maoni yetu ni haya. Kugongewa mulango si aibu, kila mutu anagongewa. Lakini mutu anayetunza majina ya wengine, na hajui kama mulango wake umefungwa, huyo anapashwa kutoa hesabu.

Kasoro ilikuwa inajulikana

Tarehe 16 mwezi wa pili 2022, CICR yenyewe ilieleza waziwazi namna mambo yalivyopita. Wadukuzi waliingia tarehe 9 mwezi wa kumi na moja 2021. Walipitia kasoro ya programu moja ya kampuni Zoho, inayosaidia watumishi kubadilisha maneno yao ya siri. Kasoro hiyo haikuwa siri. Kampuni ilikuwa imetoa dawa yake, ile mafundi wanayoiita kiraka, mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Tarehe 16 ya mwezi huo, FBI na mashirika mengine ya serikali ya Marekani walionya hadharani kama watu wabaya wamekwisha kuanza kuitumia. Kati ya kiraka na wadukuzi kulipita miezi miwili. CICR inaweka viraka maelfu kwa maelfu kila mwaka. Hicho kimoja hakikuwekwa kwa wakati.

Kisha kuingia, wadukuzi walijifanya watumishi wa kawaida, hata wasimamizi, na hakuna aliyewashuku. Walionekana tu wakati CICR ilipoweka programu mupya za kuchunguza mwenendo wa kila ordinateri, katika mupango wake wa kuongeza ulinzi. Ilikuwa tarehe 18 mwezi wa kwanza. Walikuwa wamekaa ndani siku 70.

Tunataka wasomaji waangalie pia yale yaliyofuata. CICR ilizima serveri hizo. Ilisema mbele ya dunia nzima kitu gani kilifikiwa na kwa njia gani. Kazi ya kutafuta watu iliendelea kwa vyombo vya kawaida kabisa. Na wenye majina walianza kujulishwa mumoja mumoja, kwa telefone, kwa barua, na fasi zingine kwa kutuma watu mpaka vijijini. Shirika lilichelewa kufunga mulango, ni kweli, lakini halikuficha. Ni mashirika mangapi na ofisi ngapi hapa kwetu zingefanya vile?

Hakuna aliye mbali wala mudogo

Jibu tunalolisikia mara nyingi ni hili: « Hayo ni mambo ya wakubwa wa Ulaya na Marekani. Sisi ni hospitali ndogo, sisi ni shirika la muji. Mudukuzi atatujulia wapi? »

Hatafuti kuwajua. Kila serveri iliyounganishwa na intaneti iko na anwani yake, na anwani za aina ya zamani, ambazo zingali zinatumiwa kila fasi, ni karibu miliari 4.3. Hesabu hiyo inaonekana kubwa sana. Lakini mwaka 2013, wachunguzi wa chuo kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha programu inayoweza kuzipitia zote, ikigonga mulango wa aina moja kwa kila anwani, kwa muda usiofika dakika 45, ikitumia ordinateri moja yenye muunganiko wa nguvu. Mashine kama hiyo haiulizi kama iko New York ao Bukavu. Inagonga, inasikiliza jibu, inaandika, inaenda mbele.

Tena tangu 1999 kuna orodha ya dunia nzima, inayoitwa CVE, inayopatia namba kila kasoro iliyotangazwa. Mulinzi anaisoma, na mwizi naye anaisoma. Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 2021, kasoro kubwa ya Log4j, kipande cha programu kilichomo ndani ya programu nyingi sana, ilijulikana na watu wote. Kabla ya siku chache kupita, mashine zilikuwa zinapita inchi zote zikiitafuta. Siku dawa inapotangazwa, ndiyo siku mbio zinaanza.

Namna ya kusikia

Habari njema ni kwamba anayegonga anaacha alama. Kila serveri iko na daftari lake ambamo inaandika kila ombi: saa gani, kutoka anwani gani, kitu gani kiliombwa, jibu gani lilitolewa. Fundi akilifungua asubuhi, ataona mambo mengi ya kawaida, na kati yao mambo yasiyo ya kawaida. Anwani moja imeomba kurasa mia tatu kwa dakika mbili. Mutu ameomba mulango wa msimamizi wa WordPress, na kumbe serveri haitumii WordPress. Ombi limeandikwa kwa herufi za ajabu, refu kupita kipimo, kama vile amri imefichwa ndani yake. Jina moja la mutumishi limejaribiwa na maneno ya siri mia moja saa nane ya usiku.

Hapo inaomba akili, kwa sababu maombi ya namna hiyo yanafika kila siku, na anayetaka kukimbilia kila moja atachoka kabla ya juma kwisha. Jambo la kwanza ni kuangalia jibu. Kama serveri ilijibu 404, ni kusema kitu hicho hakiko, mara nyingi mugeni alienda mikono mitupu. Kama ilijibu 200, ni kusema « ndiyo, chukua », fundi asimame hapo hapo. Jambo la pili ni kujiuliza: kasoro aliyokuwa anatafuta, sisi tuko nayo? Kama iko, kiraka kiwekwe leo, hata kama inaomba kuzima kazi saa moja.

Wengi wanafunga tu ile anwani iliyogonga, kisha wanaenda kulala. Inasaidia kidogo, lakini kesho mudukuzi atakuja na anwani ingine, na kasoro itakuwa ingali fasi yake.

Na kama kuna alama kwamba aliingia? Serveri itolewe kwenye mutandao, lakini isifutwe haraka haraka, kwa sababu kufuta ni kupoteza nyayo za mwizi. Daftari litunzwe kwenye ordinateri ingine, maana mudukuzi mwerevu anafuta alama zake mbele ya kutoka. Maneno ya siri yabadilishwe yote. Kisha waitwe wakubwa wa kazi, siku ile ile.

Kazi ya wakubwa

Tunasema wakubwa kwa sababu kila mara jambo kama hili linapotokea, fundi ndiye anayetupiwa kosa. Mufano wa Equifax unaonyesha kama kosa linaanzia juu. Kampuni hiyo ya Marekani inatunza habari za mikopo ya watu. Mwezi wa tatu 2017, ilipata onyo juu ya kasoro ya programu Apache Struts. Tarehe 9 ujumbe ulitumwa kwa watumishi zaidi ya 400: kasoro hiyo ifungwe kwa saa 48. Lakini fundi aliyejua fasi programu hiyo inatumiwa hakuwa kwenye orodha ya waliotumiwa ujumbe. Kampuni haikuwa na orodha kamili ya programu zake. Uchunguzi wa ndani wa tarehe 15 haukuona kitu.

Wadukuzi waliingia tarehe 13 mwezi wa tano, wakipitia fasi ambapo watu walikuwa wanaleta malalamiko juu ya makosa katika habari zao. Walikaa siku 76. Chombo ambacho kingewaona hakikuwa kinaona kitu, kwa sababu cheti chake kilikuwa kimepitwa na wakati miezi 19. Tarehe 29 mwezi wa saba cheti kilibadilishwa, na siku ile ile wezi wakaonekana. Watu karibu milioni 147 walikuwa wamekwisha kuibiwa habari zao.

Pale hakukukosekana feza wala mafundi. Ilikosekana orodha, na ilikosekana mutu mumoja wa kuulizwa: « Ile kasoro, umeifunga? »

Tunachoomba

Inchi yetu iko na sheria. Code du numérique, ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inahusu pia ulinzi wa habari za watu na makosa yanayofanywa kwa njia ya mitandao. Sheria iliyo katika karatasi haisomi daftari la serveri. Wakati huu maisha yetu yote yanaingia ndani ya mashine. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, banki nyingi za Goma zilifunga milango, na mushahara, karo ya masomo, musaada wa jamaa, vyote vinapitia telefone. Mashirika ya musaada yanaandika majina ya waliokimbia, na mara nyingine yanachukua picha na alama za vidole. Hospitali zinatunza magonjwa yetu, hata yale ambayo hatujaambia jamaa.

Kwa hiyo tunaomba mambo mane kwa kila ofisi ya serikali, kila kampuni ya telefone, kila shirika na kila hospitali inayotunza majina ya watu.

Kwanza, iandike orodha ya serveri zake na programu zake, na jina la mutu anayejibu juu ya kila moja. Hiyo inaomba daftari na kalamu tu.

Pili, iweke siku za mwisho. Kasoro inayotumiwa tayari na wadukuzi isikae kwa majuma. Orodha za onyo zinatolewa bure, na vijana wetu waliosomea informatike Goma, Bukavu, Butembo na Lubumbashi wanaweza kuzisoma kama mutu mwingine yeyote.

Tatu, kuwe mutu wa kusoma daftari la serveri kila siku, na fundi anayekuja kusema « kuna kasoro » asitishwe wala asifukuzwe. Tukimuazibu anayeleta habari mbaya, tutabaki na wale wanaonyamaza.

Ine, na hili ndilo kubwa kupita yote: siku mwizi atakapoingia, wenye majina waambiwe. Waambiwe kwa luga wanayosikia, na redio za muji zitumiwe. Mutu anayejua kama namba yake na kijiji chake vimeibwa anaweza kubadilisha namba, anaweza kukataa simu ya mudanganyifu, anaweza hata kuhama. Mutu ambaye hakuambiwa anabaki kungojea bila kujua.

Wengine watasema umeme unakatika, intaneti ni ya bei kali, feza haiko. Tunayajua yote hayo, tunayaishi. Lakini shirika lililopata feza ya kununua mashine za kuandika majina ya watu lilipashwa kuhesabu pia feza ya kuyalinda. Kama haliwezi kuyalinda, basi liombe machache: lisiulize kabila la mutu, ugonjwa wake ao alama za vidole vyake kama kazi inaweza kufanyika bila hivyo. Habari ambayo haikuandikwa, hakuna mudukuzi anayeweza kuiiba.

Na wewe musomaji, siku watakapokuomba jina na namba ili uandikwe, uko na haki ya kuuliza: nani anatunza hii, na ikiibwa, nani ataniambia? Aliyejiandaa atakuwa na jibu. Anayekasirika juu ya swali hilo naye amekwisha kukujibu.